Nyie Ndio Mnajua

Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, na mtu wa Arusha akiniona nikicheka hahitaji kuambiwa. Meno yangu ni ya kahawia, mengine yana mistari, na mawili ya mbele yamemeguka pembeni ingawa sijawahi kuanguka wala kupigana. Ni maji. Maji yetu yana madini ya floraidi, yanashuka nayo kutoka Mlima Meru, na mtoto akiyanywa tangu utotoni meno yanaota hivyo, basi. Wengine huenda mbali zaidi: mifupa inapinda, magoti yanatazamana au yanakimbiana. Mimi nilinusurika miguu. Nikiwa mdogo nilidhani watu wote duniani wana meno kama yetu, na kwamba wale wa kwenye matangazo ya dawa ya mswaki wamepakwa chokaa.

Siku ya harusi yangu mama mkwe, ambaye ni mtu wa Kilimanjaro na hana baya, aliniinamia wakati mpiga picha anajipanga akaninong'oneza, "Mwanangu, tabasamu kwa macho." Nikatabasamu kwa macho. Ukiifungua albamu ile leo utaona ukoo mzima umeachia vinywa, halafu katikati bibi harusi amebana midomo kama mtu aliyeficha peremende. Nikisimulia sasa hivi nacheka. Siku ile sikucheka.

Nayasema haya mapema ili ijulikane niliingia kwenye kazi hii na moyo wa namna gani. Sikuja kama mtaalamu aliyesoma tatizo chuoni. Nilikuja nalo mdomoni.

Shirika letu lina vyumba viwili Sokon One, mjini Arusha, nyuma ya fundi cherehani, na mimi ndiye mratibu wake. Lilianzishwa na akina mama wa usharika wa Kilutheri, baadaye wakaingia na Wakatoliki, na kwa muda mrefu ugomvi mkubwa tuliowahi kuwa nao ulikuwa nani afungue kikao kwa sala, na kwa nini wenzetu wa upande ule waanze na ishara ya msalaba wakati upande huu umeshakaribia "Amina". Kazi yetu ni mifupa. Tunakusanya mifupa ya ng'ombe kwenye mabucha, tunaichoma kwenye tanuru mpaka iwe mkaa mweusi, tunaisaga chengachenga, kisha tunaijaza kwenye matangi ya shule. Maji yakipita humo yanaacha madini, yanatoka salama. Nguo zangu za kazini zina harufu ambayo mume wangu ameacha kuilalamikia, si kwa sababu imeisha bali kwa sababu amechoka.

Kuna jambo moja kuhusu mkaa huo ambalo limeninyima usingizi. Nao unachoka. Ndivyo tunavyosema ofisini: mkaa umechoka. Ukishachoka, maji yanapita na kutoka vile vile yalivyoingia, na hakuna anayeweza kujua kwa kuangalia wala kwa kuonja. Hayabadiliki rangi, hayanuki. Bomba linatoa vizuri, watoto wanapanga foleni, walimu wanashukuru, na wewe unayejua unasimama pale ukitamani kuwafukuza wote kama kuku kwenye mahindi.

Ukurasa wa kwanza wa katiba yetu una mistari miwili ambayo kila mjumbe anaijua kwa moyo. Wa kwanza unasema kila mtoto wa shule tunazozihudumia atapata maji salama. Wa pili unasema tutalinda utu wa mtoto katika kila tufanyalo. Tuliiandika siku moja, akina mama wakipiga makofi, na hakuna aliyewaza kwamba mistari hiyo ingekuja kushikana mashati.

Walioishikanisha ni wafadhili wetu wa ng'ambo. Sitawasema vibaya, wametubeba sana. Mama mmoja anayeshughulika nasi alinipigia simu ya video, akaniambia wanaandaa kampeni kubwa ya kuchangisha, na wameamua safari hii iwe ya maji yetu. Moyo wangu ulipaa. Shule moja juu ya Kikatiti ina matangi mawili, moja la watoto wadogo na moja la madarasa ya juu, na nilishapima nikajua mkaa wa yote mawili utakuwa umechoka kabisa shule zikifunguliwa baada ya likizo. Nilikuwa nalala na kuamka na matangi hayo.

"Tunahitaji uso," akasema yule mama. "Mtoto mmoja. Awe anacheka, meno yaonekane vizuri. Na miguu, kama inawezekana."

Niliuliza kama picha ya matangi haitoshi. Akacheka kwa upole, akasema hakuna mtu anayechangia tangi. Bila uso, kampeni itakwenda kwa nchi nyingine ambayo iko tayari.

Nilimpelekea habari mwenyekiti wetu. Ni mwanamama, mwalimu mstaafu, Mkatoliki, mwenyeji wa Kilimanjaro aliyefundisha Arusha na Meru maisha yake yote ya kazi, na hakuna anayemwita jina lingine zaidi ya Mwalimu. Nampenda na namwogopa, kwa kiasi kinacholingana. Hakusita hata kidogo. Alimjua mtoto wa kupigwa picha: binti wa darasa la sita katika shule ile ile ya juu ya Kikatiti, magoti yake yameachana, meno ya kahawia kabisa, mwimbaji wa kwaya na mchekeshaji wa darasa. Nami nilimjua. Alikuwa akicheka anavuta mkono wa sweta mpaka uzibe vidole, halafu anauweka mdomoni. Nilimwelewa bila kuuliza.

Tukaenda kwao, Mwalimu, mimi na mpiga picha, mtu mzima tu wa mjini ambaye kazi yake hasa ni harusi na kipaimara. Mama wa binti ni Mmeru, anauza mchicha na ndizi sokoni Kikatiti. Baba yuko Mererani kwenye machimbo, huja akikumbuka. Mama huyo alitupokea vizuri mno, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza kwa kweli, maana ukimwendea mtu kwake na jambo zito, halafu akakupokea vizuri namna hiyo, atakukatalia saa ngapi? Akatupa viti, akatupa chai ya maziwa na viazi vitamu. Nilijua chai ile imepikwa kwa maji gani. Kuchemsha hakuondoi madini, kunayazidisha, kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Ndiyo semina yetu ya kila mwaka hiyo. Tukainywa. Mwalimu akaongezewa.

Kisha Mwalimu akaeleza. Alieleza vizuri, kwa heshima, bila kuficha kitu: picha itakwenda nje, itaonekana na watu wengi, itasaidia kununua mkaa wa matangi ya shule. Yule mama alisikiliza huku akikusanya maganda ya viazi mezani, moja moja. Binti alikuwa nje anawazuia wadogo zake wasichungulie. Mwalimu alipomaliza, yule mama alisogeza maganda pembeni, akasema:

"Haya. Nyie ndio mnajua."

Mwalimu akamshika mkono, akamshukuru.

Maneno hayo kila mtu anayajua, lakini kila mtu ameyajua nyumbani kwao. Mama yangu mzazi aliyasema baba alipouza mtamba aliyekuwa akimtunza. Aliyasema wazee wa mtaa walipoamua barabara ipite kwenye migomba yake. Sikumsikia hata siku moja akiyasema juu ya jambo alilolitaka. Jambo alilolitaka alisema "ndiyo", au aliuliza "lini?" Nilipoyasikia kwenye nyumba ile nilimsikia mama yangu. Lakini Mwalimu amekaa na wazazi miaka yote ya ualimu wake, wakimletea watoto, wakimwambia nyie ndio mnajua, na kwake maana yake ilikuwa: tunakuamini, tumekuachia. Hakuwa anadanganya. Alisikia alichozoea kusikia, nami vivyo hivyo.

Picha zilipigwa nje, migombani. Binti alisimama wima, mikono ubavuni, midomo imefungwa. Mpiga picha alimwambia acheke, akatabasamu kwa macho, sikuweza kuangalia. Ndipo Mwalimu akamwambia, "Hebu nionyeshe mwalimu mkuu anavyotangaza mstarini." Binti alitazama huku na huku, akavuta shingo, akatoa sauti ya puani, "Na-a-rudia tena," na wadogo zake wakaanguka chini kwa kicheko. Naye akacheka. Mkono ulipanda, kama kawaida, na Mwalimu, ambaye alikuwa karibu, akaudaka kabla haujafika mdomoni, akaushika taratibu, vile unavyomshika mtoto barabarani. Mpiga picha akapiga.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona katika kazi hii. Sitasema uongo kuhusu hilo.

Tukiwa garini kuteremka, nilijikaza mpaka tukafika lami.

"Mwalimu," nikasema, "yule mama hajakubali."

"Hajakubali vipi? Si ametuambia mbele yetu sote."

"Amesema nyie ndio mnajua."

"Sasa?"

"Sasa hiyo siyo ndiyo."

Mwalimu aligeuka akanitazama. "Binti yangu, kwa umri wangu huu unanifundisha Kiswahili?"

"Hapana, Mwalimu."

"Asingetaka angekataa. Ni mtu mzima, yuko kwake."

"Angekataaje? Sisi ndio wenye maji ya shule. Wanawe wote wanakunywa pale."

Mpiga picha aliongeza sauti ya redio kidogo. Tulipopita Tengeru Mwalimu akasema polepole, bila hasira, "Mimi nimezika wanafunzi wangu. Nimewaona wengine wakitembea kwa magongo kabla hawajaoa. Usiniambie habari ya neno." Aliyoyasema yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Picha ilikuwa kwenye simu yangu, nami ndiye niliyetakiwa kuituma. Siku zilizofuata niliishi na simu ile kana kwamba ndani yake kuna mgonjwa. Naikagua nikisonga ugali. Naikagua nikisubiri mtoto atoke shule. Nafungua, naona binti anacheka mdomo wazi, nafunga. Nikisema nitatuma, naona picha imebandikwa mahali kubwa kuliko nyumba yao, wageni wanapita wanasikitika, halafu siku moja mtu wa Arusha anaipata kwenye simu, anaisambaza na maneno ya kejeli, maana watu wetu kwa kejeli hawajambo. Nikisema sitatuma, naona bomba la shule linatoa maji masafi kwa macho, watoto wanakunywa. Mwanangu mwenyewe alikuwa akiniuliza swali mara mbili kabla sijasikia. Ana meno meupe, mwanangu. Anakunywa maji ya kununua, yanayonunuliwa kwa mshahara ambao shirika linanilipa kwa sababu kuna watoto wengine wenye meno kama yangu. Wazo hilo likishaingia kichwani halitoki kwa sala.

Nikapata nilichodhani ni dawa. Nilimpigia simu yule mama wa ng'ambo, nikamwambia watumie picha yangu. Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai, nina meno yote ya ushahidi, nakubali kwa hiari, naweza hata kucheka. Nikacheka palepale kwenye kamera ili aone. Ilinigharimu, mtu asiyenijua asingejua ilivyonigharimu. Alinitazama kwa upendo kabisa, akasema ni wazo zuri sana, ni la ujasiri, lakini mimi ni mtu mzima, nina afya, nimevaa vizuri. "Watu watakuona wewe," akasema, "watadhani tatizo limekwisha."

Nilibaki na simu mkononi. Kumbe maisha yangu yote nimeficha meno ambayo hata hayatoshi.

Siku ya soko nikaenda Kikatiti peke yangu, bila Mwalimu, bila gari, bila kamera. Nilimkuta mama wa binti amekaa nyuma ya mafungu ya mchicha. Nikamsalimia, nikachuchumaa pembeni yake, nikanunua fungu nisilolihitaji. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Dada," nikamwambia, "siku ile tulikuja wengi. Leo nimekuja mwenyewe. Naomba uniambie kweli, unataka picha ya mtoto iende au hutaki?"

Alipanga upya mafungu yake, akayanyunyizia maji.

"Na nikisema sitaki, maji ya shule yataendelea?"

Ningeweza kumwambia yataendelea. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Sijui," nikasema. "Pengine hapana."

"Na nikisema nataka?"

"Yataendelea."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hujaniuliza kitu, dada," akasema, na akamgeukia mteja.

Nilikaa pale zaidi ya ilivyostahili, nimeshika mchicha, nimeona haya. Alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo ambalo sisi na semina zetu hatujawahi kulisema. Mwenye maji mkononi akimuuliza mwenye kiu, hilo si swali. Niliporudi mjini nilikuwa nimeamua: picha haiendi. Nilijua pia maana ya uamuzi huo kwa matangi, na sikupata amani niliyoitarajia.

Kamati ilikaa. Akina mama walitoka kila upande, wa Sokon One, wa Tengeru, wa juu Meru, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejali nani anafungua kwa sala. Nikawaeleza yote, pamoja na maneno ya sokoni. Mjadala ulikuwa mkali lakini wa heshima, ile heshima inayochosha kuliko matusi. Mmoja akasema mtoto si tangazo. Mwingine akasema kumwacha mtoto asiweze kutembea nako si utu. Mwalimu alisubiri wote waishe, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Utu haunyweki," akasema. "Mimi naupenda utu. Lakini mtoto akija bombani na kikombe, utamkingia nini?"

Nikasema kwamba tukianza kuuza nyuso za watoto ili kuwanywesha, mwaka ujao tutatafuta mtoto aliyepinda zaidi, na mwaka wa tatu tutasikitika tukikosa aliyepinda. Niliongea nimefunika mdomo kwa kiganja, mmoja wa akina mama aliniambia baadaye, mwenyewe sikujua.

Mikono ikanyooshwa, ikalingana pande mbili. Katiba inasema kura zikilingana mwenyekiti ndiye mwamuzi. Wote tukamwangalia Mwalimu, nami nikajua tumeshindwa, na niseme kweli, nusu yangu ilishusha pumzi, maana matangi yangepona na lawama isingekuwa yangu.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa kanga. Akanitazama mimi, si kamati.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Alikuwa amemaliza, na wote wakaandika kwamba mwenyekiti ameridhia picha isiende. Mimi pekee nilisikia mama yangu anaongea. Mwalimu hakuridhia hata kidogo. Aliona nimeshikilia, akaniachia mzigo mzima nibebe peke yangu, na sikuwa na haki ya kumlaumu, kwa sababu maana ya maneno yale niliihubiri mwenyewe garini.

Wafadhili walipokea kwa upole. Kampeni yao ikaenda kwa watoto wa nchi nyingine, niliiona, inapendeza. Sisi tukahangaika kienyeji. Usharika ulitoa sadaka ya siku moja, jumuiya zikachangia kuni, wenye mabucha wakatupa mifupa zaidi, na akina mama walisimama kwenye tanuru mpaka macho yakawa mekundu. Mwalimu alikuja kila siku, akaponda mifupa na sisi, hakutaja habari ya picha hata mara moja. Ningependelea angetaja.

Mkaa ulitosha tangi moja. Tulikaa tena, safari hii bila mabishano, tukaamua tujaze tangi la watoto wadogo, kwa sababu meno na mifupa yao ndiyo inajengwa. Wa madarasa ya juu bomba lao tulifunge, waje na maji ya nyumbani mpaka tutakapopata mkaa mwingine. Maji ya nyumbani, ambayo ni yale yale yenye madini. Kila mtu mezani alilijua hilo, na kila mtu alikunja karatasi zake haraka.

Shule zilipofunguliwa nilipanda mwenyewe kwenda kulifunga. Kulikuwa na baridi, mlima umejifunika, watoto wamejikunyata kwenye masweta. Nilifunga koki kwa waya na spana, nikapaka rangi nyekundu ili mdogo asije akajaribu. Upande wa pili foleni ya watoto wadogo ilikuwa ndefu na yenye kelele, na maji yao nilikuwa nimeyapima mwenyewe, yalikuwa salama. Nilijilazimisha kuwaangalia hao.

"Shikamoo, anti."

Ilikuwa yule binti. Alikuwa ametoka darasani kwa ruhusa, au bila ruhusa, na mkononi ana dumu dogo la maji aliyotoka nayo nyumbani.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo." Akaangalia rangi nyekundu kwenye bomba. Nilidhani ataniuliza juu ya maji, na jibu la maji nilikuwa nalo, nimelipanga vizuri, lina meno ya wadogo na mkaa na subira.

"Anti," akasema, "mwalimu mkuu ametuambia ile picha yangu haikwenda."

"Ni kweli, haikwenda."

"Niliwaambia wenzangu itaenda Ulaya." Alikuwa anachora chini kwa kidole cha kiatu. "Nilitoka vibaya?"

Nilipiga magoti pale kwenye tope, bila kupanga. Nikamwambia hapana. Nikamwambia alitoka vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona kwenye picha, na kwamba haikuwa hivyo kabisa.

"Sasa mbona hamkuipeleka?"

Tulikuwa tumemuuliza mama yake mara mbili. Tulikuwa tumekaa kikao, tumepiga kura, tumeulinda utu wake kwa mikono iliyolingana. Sasa nilitafuta namna ya kumweleza utu huo, na kila sentensi niliyoianza kichwani ilikuwa inamwambia kwamba kuna kitu usoni mwake ambacho watu hawakupaswa kukiona. Nikasema tu kwamba watu wazima waliona ni vyema isiende.

"Naomba basi niione mwenyewe," akasema. "Mimi sijaiona."

Mkono wangu ulishaingia kwenye mkoba nikakumbuka. Niliifuta siku ile ile ya kikao, mbele ya kamati, nikamsimamia na mpiga picha naye akafuta zake, na akina mama wakasema hapo sasa tumemlinda mtoto.

"Nimezifuta, mwanangu," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote."

Akabadilisha dumu mkono. "Hata ile niliyocheka?"

"Hata hiyo," nikasema.